Miungu Iliyopoteza Waumini Ikapata Wateja

Karibu mwaka 580 KK, katika kisiwa cha Kerkyra, magharibi mwa Ugiriki, wajenzi wa hekalu la Artemis waliweka sanamu ya Medusa juu ya nguzo za mbele, kwenye pembetatu ya paa. Kimo chake kinakaribia mita 3. Ulimi umemtoka, macho yamemkodoka, nyoka wawili wamejifunga kiunoni mwake kama mshipi, na magoti yamekunjwa kwa namna ambayo wachongaji wa siku zile waliitumia kumwonyesha mtu anayekimbia. Ubavuni wapo wanawe, farasi Pegasus na Khrysaor, ingawa kisasili kinasema wawili hao walizaliwa pale tu Perseus alipomkata mama yao kichwa. Mchongaji hakujali. Hakuajiriwa kusimulia hadithi kwa mpangilio. Aliajiriwa kumweka kiumbe wa kutisha juu ya mlango ili shari ipite mbali.

Sanamu ya kisasili, tangu mwanzo wake, ilikuwa na kazi ya kufanya na mtu wa kuigharimia. Imani iliyowazaa Zeus, Athena na Apollo ilikwisha kufa kabla ya karne ya 6 BK kutimia. Waliotaka mawe yatiwe sura ya miungu hiyo hawakuisha. Maliki, kardinali, mfalme, jamhuri, chama cha kisiasa na makumbusho, kila mmoja kwa zamu yake aliilipa miungu ileile na kuipa kazi mpya. Hesabu hiyo ya walipaji ndiyo inayotueleza, kuliko hesabu ya mitindo, kwa nini Ulaya ya Kikristo iliendelea kwa karne nyingi kuchonga miungu isiyoiabudu.

Karne ya 5 KK ndiyo iliyoweka kipimo ambacho wengine wote walipimwa nacho. Athens, baada ya kuwashinda Waajemi, iligeuza muungano wa kujihami kuwa dola yake, na kodi za miji washirika zikasaidia kujenga Parthenon kati ya mwaka 447 na 432 KK. Kwenye mabamba yaliyo juu ya nguzo zake wanadamu wanapigana na viumbe nusu mtu nusu farasi, na Wagiriki wanapigana na Waamazoni. Waajemi hawakutajwa popote, wala hapakuwa na haja ya kuwataja. Ndani alisimama Athena wa Pheidias, aliyezinduliwa mwaka 438 KK, urefu wa mita 12 hivi, ngozi yake ya pembe za ndovu na vazi lake la dhahabu. Mwaka 431 KK, vita na Sparta vilipoanza, Perikles aliwahesabia wananchi akiba ya dola: fedha iliyokuwepo, kodi, vyombo vya mahekalu, na mwisho akataja vazi la mungu wao. Lilikuwa na talanta 40 za dhahabu, zaidi ya kilo 1,000, nalo lilifungwa kwa namna ya kubanduka. Hali ikiwa mbaya, alisema, itatumika, mradi irudishwe yote baadaye. Mwanahistoria Thucydides anaandika maneno hayo bila kushangaa. Mungu wa kike wa mji alikuwa pia benki ya mji, na waumini wake hawakuona kufuru yoyote. Mwanzoni mwa karne ya 3 KK mtawala wa mabavu Lachares aliibandua dhahabu hiyo kweli, ili awalipe askari wake.

Karne iliyofuata ilipunguza ukubwa wa miungu na kuisogeza karibu na watu. Praxiteles, karibu mwaka 350 KK, alimchonga Aphrodite akiwa uchi kamili, jambo ambalo halikuwahi kufanyiwa mungu wa kike kwa kimo hicho. Mwandishi Mroma Plinius anasimulia kwamba mchongaji alikuwa na sanamu mbili za kuuza kwa bei moja. Watu wa Kos walichukua aliyevaa nguo kwa kuona ndiyo heshima, na watu wa Knidos wakachukua aliyebaki. Baadaye mfalme Nikomedes alijitolea kuifutia Knidos madeni yake yote akipewa sanamu ile, wakakataa. Wageni walikuwa wakivuka bahari kwenda kuitazama, na mji ulijua thamani ya wageni.

Baada ya kifo cha Alexander mwaka 323 KK, mlipaji mkuu hakuwa mji tena bali mfalme. Huko Pergamon, katika Uturuki ya leo, Eumenes wa Pili aliagiza madhabahu kubwa ambayo mkanda wake wa michongo, wenye urefu wa zaidi ya mita 110, unaonyesha miungu ikiwaangamiza majitu waliotaka kuipindua mbinguni. Nywele zinavutwa, mabawa yanapasuka, jitu mmoja amepandisha goti kwenye ngazi ile ile ambayo mgeni anaipanda. Ukoo wa Eumenes ulijenga jina lake kwa kuwashinda Wagalatia waliovamia nchi, na kila aliyetazama alielewa nani alikuwa Zeus na nani alikuwa jitu.

Kisha walikuja Waroma. Mwaka 212 KK jemadari Marcellus aliteka Siracusa na kurudi nyumbani na shehena ya sanamu. Mwaka 146 KK Mummius aliteka Korintho na kufanya vivyo hivyo. Inasimuliwa kwamba Mummius aliwaonya wenye meli kuwa wakipoteza sanamu hizo watalazimika kuleta nyingine mpya mahali pake. Waroma wa baadaye walimcheka kwa ushamba huo, lakini mimi naona alitangulia wakati wake, kwa maana kuleta nyingine mpya ndiko hasa Roma ilikofanya kwa karne tatu zilizofuata. Kila tajiri mwenye bustani alimtaka Hermes wake na Aphrodite wake, na za asili hazikutosha. Huko Baiae, karibu na Napoli, mwaka 1954 vilipatikana vipande vya plasta vilivyofinyangwa moja kwa moja juu ya sanamu za shaba za Kigiriki. Karakana ilikuwa inavitumia kama vielelezo vya kunakili.

Kunakili huko kulibadilisha zaidi ya idadi. Sanamu nyingi za Kigiriki zilisubiwa kwa shaba, ambayo ikiwa tupu ndani ni nyepesi na imara, hivyo mkono unaweza kunyooshwa na mguu ukainuliwa bila hofu. Marumaru haivumilii hayo. Mchongaji wa Kiroma alilazimika kuweka kisiki cha mti nyuma ya goti la Apollo, au kipande cha jiwe kati ya mkono na paja, ili kazi yake isivunjike. Tazama sanamu yoyote ya shujaa aliye uchi katika majumba ya makumbusho ya Ulaya: kisiki kile kisicho na maana katika kisasili ndicho alama ya kwamba unatazama nakala. Na shaba zenyewe ziliyeyushwa, karibu zote. Ulaya ilikuja kuijua miungu ya Kigiriki kwa ushuhuda wa wanakili wa Kiroma, na kwa muda mrefu haikujua kwamba ni hivyo.

Msomaji wa Matendo ya Mitume anaukumbuka ulimwengu huo: Paulo akitembea katikati ya sanamu za Athens, Demetrio mfua fedha wa Efeso akichochea ghasia kwa sababu biashara yake ya Artemi imetishiwa. Demetrio aliona mbali. Wakati ule bado kazi ilikuwepo, na katika karne ya 2 BK, Waroma walipoanza kuzika badala ya kuchoma maiti, majeneza ya mawe yaliyochongwa visasili yalipata soko kubwa. Lakini dola yenyewe ilihamia Ukristo. Mwaka 391 na 392 Theodosius wa Kwanza alipiga marufuku sadaka na ibada za mahekaluni, na mwenye karakana ya miungu akakosa mnunuzi wa kudumu.

Hata hivyo sanamu hazikuvunjwa zote. Konstantino, alipouzindua mji wake mpya mwaka 330, alikuwa ameupamba kwa sanamu zilizokusanywa kutoka miji ya Ugiriki na Asia, na kwa karibu miaka 900 Wakristo wa Konstantinopoli walipita chini ya miungu ya shaba. Baadhi waliiona kuwa mapambo, wengine waliamini ina mashetani au hirizi ndani yake. Mwaka 1203, jeshi la msalaba kutoka magharibi lilipokuwa nje ya kuta, umati uliolewa uliivunja sanamu ya Athena kwa madai kwamba mkono wake ulionyooshwa ulikuwa unawaita maadui. Maadui waliingia mwaka uliofuata bila kuitwa na Athena. Niketas Khoniates, aliyeshuhudia uporaji huo, aliorodhesha zilizoyeyushwa kuwa sarafu, miongoni mwake Herakles wa Lysippos, mkubwa kiasi kwamba uzi uliozunguka kidole gumba chake ungemtosha mtu kuwa mshipi. Kati ya hasara zote za historia hii, hiyo ndiyo kubwa kuliko zote kwa maoni yangu, na ilifanywa na Wakristo dhidi ya mji wa Kikristo kwa sababu ya mishahara ya askari. Lachares angewaelewa.

Huko magharibi adui wa marumaru alikuwa tanuri. Marumaru ikichomwa hutoa chokaa nzuri, na Roma ilikuwa na marumaru tele. Miungu mingi iliishia katika kuta za makanisa na nyumba kwa njia hiyo. Iliyosalimika ilisalimika kwa kupewa kazi nyingine. Jeneza la Kiroma lenye kisasili cha Phaedra, mwanamke aliyemtamani mwana wa mumewe, lilitumika huko Pisa kumzika Beatrice, mama wa Matilda wa Toscana, mwaka 1076. Miaka karibu 200 baadaye Nicola Pisano alilitazama jeneza hilo kwa makini, na katika mimbari aliyoikamilisha mwaka 1260 Phaedra aliyeketi amekuwa Bikira Maria akipokea zawadi za mamajusi. Kwenye mimbari hiyohiyo amesimama Herakles, uchi, akiwakilisha fadhila ya Ujasiri. Lakini hofu ilikuwa hai bado. Mchongaji Ghiberti anasimulia kwamba Siena walifukua sanamu ya Venus, wakaifurahia, wakaiweka kwenye chemchemi ya uwanja wa mji. Kisha vita na Florence vikawaendea vibaya, na mjumbe mmoja barazani akailaumu sanamu. Mwaka 1357 iliondolewa, ikavunjwavunjwa, na vipande vyake vikazikwa katika ardhi ya Florence ili balaa liwahamie wao.

Wafanyabiashara na wasomi wa Italia wa karne ya 15 ndio walioiondoa hofu hiyo. Fedha za benki na sufi ziliwapa watu wa mijini uwezo wa kuagiza kazi zisizo za kanisa, na vitabu vya Kilatini, hasa cha mshairi Ovidius, viliwapa hadithi. Antonio del Pollaiuolo alisubu Herakles akimkaba Antaeus, sanamu ya shaba isiyofika nusu mita, ya kuwekwa chumbani na kuzungushwa mkononi. Kijana Michelangelo alichonga Bacchus mlevi huko Roma mwaka 1496 na 1497. Kardinali aliyemwagiza hakumtaka, mwenye benki mmoja akamchukua.

Tarehe 14 Januari 1506, katika shamba la mizabibu la Felice de Fredis juu ya kilima cha Esquilino, mtu aliyekuwa akichimba alikutana na marumaru. Papa Julius wa Pili alimtuma Giuliano da Sangallo kwenda kuangalia, naye akaenda na Michelangelo. Mwana wa Giuliano, aliyekuwa mtoto mdogo akiwa amebebwa mabegani, aliandika miaka 60 baadaye jinsi baba yake alivyotazama shimoni na papo hapo kusema kwamba hii ndiyo Laokoon aliyoitaja Plinius. Ni kuhani wa Troya aliyewaonya wenzake dhidi ya farasi wa mbao, akanyongwa na nyoka pamoja na wanawe wawili. Mdomo umefunguka nusu, mbavu zinaonekana kila moja, nyoka ameuma nyonga, na mwana mkubwa anamtazama baba yake huku akijaribu kuutoa mguu. Papa aliinunua, akaiweka Vatikano. Mtu wa Mungu alilipia maumivu ya kuhani wa miungu ya uongo, na hakuna aliyeona ajabu. Tangu siku hiyo kila mchongaji wa Ulaya alijua mwili wa mwanadamu unaweza kubeba mateso kiasi gani katika jiwe.

Watawala nao walijua kusoma visasili. Cosimo de' Medici, aliyeuzima upinzani wa wanajamhuri wa Florence mwaka 1537, alimwagiza Benvenuto Cellini mwaka 1545 atengeneze Perseus akiinua kichwa cha Medusa. Cellini mwenyewe ameeleza usiku wa kusubu: homa imemlaza kitandani, shaba imeanza kuganda tanurini, naye anaamka kwa matusi, anaamuru kuni za mwaloni, kisha anatupa ndani sahani na bakuli za bati za nyumbani kwake, kiasi cha 200, ili madini yatiririke. Sanamu ilizinduliwa mwaka 1554 katika uwanja mkuu wa mji, damu ya shaba ikichuruzika kutoka shingo iliyokatwa. Medusa wa Kerkyra alilinda mlango. Huyu wa Florence alikuwa maiti ya wapinzani, iliyoachwa uwanjani wapita njia waitazame.

Gian Lorenzo Bernini, kati ya mwaka 1622 na 1625, alimchongea kardinali Scipione Borghese kazi ya Apollo akimfukuza Daphne, katika nukta ile ambayo binti anageuka mti. Majani yanachipuka vidoleni, na marumaru imekatwa nyembamba hadi mwanga unapenya. Ili kardinali asilaumiwe, kitako kiliandikwa beti za Kilatini za Maffeo Barberini, Papa Urban wa Nane wa baadaye, zinazoonya juu ya anasa zipitazo. Louis wa Kumi na Nne hakuhitaji udhuru wa aina hiyo. Alijiita mfalme wa jua, na bustani za Versailles zikajazwa Apollo: anatoka majini na farasi wake, anapumzishwa na mabinti wa maji jioni.

Karne ya 18 iliongeza mlipaji mpya, msafiri msomi, na pamoja naye kosa kubwa. Johann Joachim Winckelmann, kwa maandishi yake ya mwaka 1755 na 1764, aliifundisha Ulaya kuiona sanaa ya Kigiriki kama utulivu mtukufu wa jiwe jeupe. Sanamu zile zilikuwa zimepakwa rangi: nyekundu midomoni, buluu na dhahabu katika mavazi. Udongo na mvua vilikuwa vimeifuta rangi hiyo, na ajali hiyo ikafanywa sheria ya uzuri. Mchongaji Antonio Canova aliitii kwa ustadi usio na kifani. Jeshi la Napoleon lilipoichukua Laokoon na Apollo wa Vatikano, zikaingia Paris mwaka 1798, Papa Pius wa Saba alinunua Perseus wa Canova na kumweka mahali pa Apollo aliyetekwa. Napoleon aliposhindwa, Canova mwenyewe alitumwa mwaka 1815 kwenda kudai mali ya Roma. Mwaka uliofuata Bunge la Uingereza lililipa pauni 35,000 kwa michongo ya Parthenon ambayo mawakala wa Lord Elgin waliing'oa Athens ilipokuwa chini ya dola ya Uthmaniya. Canova alikuwa ameombwa kuitengeneza palipovunjika, akakataa kuigusa. Heshima hiyo haikudumu: mwaka 1937 na 1938, kwa shinikizo la tajiri Duveen aliyegharimia ukumbi mpya, wafanyakazi wa British Museum waliikwangua kwa vifaa vya shaba ili iwe myeupe kama Winckelmann alivyofundisha.

Karne ya 19 ilizalisha miungu mingi kuliko zote, kwenye benki, vituo vya reli na majumba ya opera, na mingi haistahili kusimuliwa. Auguste Rodin ndiye aliyeona kitu kipya: kwamba sanamu za kale zimetufikia zikiwa vipande na bado zina nguvu. Iris wake, mjumbe wa miungu, wa miaka ya 1890, hana kichwa na amekosa mkono mmoja, kwa makusudi. Kisha siasa ilirudi kwa ukali. Mwaka 1937, katika maonyesho ya Paris, Jacques Lipchitz, Myahudi mzaliwa wa Lithuania, alisimamisha Prometheus mkubwa wa plasta akimnyonga tai anayemla ini, na kila mtu alijua tai huyo ni nani. Magazeti ya mrengo wa kulia yalimshambulia, na mwaka 1938 kazi iliondolewa na kuharibiwa. Miaka hiyohiyo Arno Breker, mchongaji kipenzi wa utawala wa Hitler, alitengeneza Prometheus wake mwenye misuli na mwenge. Jina moja lilitumikia pande mbili zilizokuwa zinakaribia kuuana.

Ludwig Pollak, mtaalamu wa mambo ya kale aliyeutambua mkono wa asili wa Laokoon mwanzoni mwa karne ya 20 katika duka la mchonga mawe mjini Roma, alichukuliwa na Wanazi mwaka 1943 kwenda kufia Auschwitz. Mkono huo wa Laokoon ulikunjwa nyuma ya kichwa, tofauti kabisa na ule ulionyooka ambao warekebishaji wa karne ya 16 walimpa, na uliunganishwa na mwili kabla ya mwaka 1960 kwisha.

Leo mlipaji ni serikali na mnunua tiketi. Maonyesho yaliyoanzia Munich mwaka 2003 yamezipaka nakala rangi zilizogunduliwa kwa mwanga maalumu, na wageni wengi bado wanazichukia. Mwaka 2020 sanamu ya Luciano Garbati, Medusa aliyeshika kichwa cha Perseus, iliwekwa mkabala na mahakama za jinai za New York kama jibu kwa Cellini. Na Athens, katika makumbusho iliyofunguliwa mwaka 2009, kuna kiwiliwili cha Poseidon kutoka pembetatu ya magharibi ya Parthenon: kifua ni marumaru ya asili, mabega ni plasta, kwa sababu mabega yenyewe yako London. Vatikano ilirudisha vipande vyake vitatu mwaka 2023. British Museum inasema sheria ya mwaka 1963 inaizuia kutoa mali yake, na Bunge lililolipa zile pauni 35,000 ndilo lenye uwezo wa kuibadilisha.